Ahadi ya Miezi Mitatu

Matt Talbot, kibarua wa mjini Dublin, Ayalandi, alizaliwa mwaka 1856. Alianza ulevi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na tangu hapo mshahara wake uliishia kilabuni. Siku moja mwaka 1884, akiwa hana kazi wala senti, alisimama nje ya kilabu akiwangojea rafiki aliokuwa akiwanywesha. Wote walimpita.

Alirudi nyumbani kwa mama yake, kisha akamwendea padri kuweka ahadi ya kuacha pombe. Hakuahidi maisha, aliahidi miezi mitatu. Baadaye akaongeza sita, hatimaye maisha yote. Kila alfajiri alisali Misa kabla ya kazi. Aliacha kutembea na fedha mfukoni, akalipa madeni yake kidogo kidogo. Hakulewa tena hadi kufariki kwake mwaka 1925.

Askari akeshaye lindoni hungojea mapambazuko ya usiku ule mmoja tu. Vivyo hivyo, aliyeshindwa na kilevi na aombe kwa Mungu nguvu za leo, amkabidhi mkewe mshahara ungali kamili, na kesho aombe tena.