Kati ya kisahani na ungo: Mwananchi wa Mara apeleke wapi taarifa ya angani?

WAVUVI wa dagaa wa Musoma, na wenzao wa Ghuba ya Speke upande wa Bunda, hufanya kazi usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Ni watu wachache nchini wanaotazama anga kwa saa nyingi kama wao. Mmoja wao akiona kitu asichokijua kikipita juu ya ziwa, au mkulima wa Butiama akikuta bonge la chuma limeanguka katika shamba lake la mihogo, apeleke wapi taarifa, na nani ataichunguza?

Nchi jirani ya Kenya ililazimika kulijibu swali hilo Desemba 30, 2024. Siku hiyo pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Hakuna aliyejeruhiwa. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2017, lilifika pamoja na vyombo vingine vya Serikali, likadhibiti eneo na kuichukua pete hiyo kwa uchunguzi.

Januari 1, 2025, shirika hilo lilitangaza matokeo ya awali kuwa kitu hicho kilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida huungua inaporejea katika angahewa au huangukia baharini. Uvumi ulipoitaja India kuwa ndiyo mwenye mali, shirika lilieleza kuwa jambo hilo halijathibitishwa.

Uzito wa mkasa huo haumo katika chuma peke yake. Ndani ya siku mbili wananchi walikuwa wamepata maelezo kutoka chombo kinachotambulika. Uvumi haukukoma, lakini ulikuwa na wa kuujibu.

Katika Kanda ya Ziwa, pengo la taarifa lina hatari ya aina yake. Wamarekani walipoanza kusimulia visahani vinavyoruka mwaka 1947, watu wa huku walikuwa tayari na chombo chao cha angani, nacho ni ungo wa mchawi. Habari za mtu 'aliyedondoka na ungo' alfajiri zimesomwa na kusimuliwa mno, mara nyingi kwa kicheko. Kwa kanda hii si kicheko tu. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia. Mwanga usio na maelezo, ukifuatiwa na kifo cha mtoto au cha ng'ombe, unaweza kutafutiwa mwenyewe katika nyumba ya jirani.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya ukoloni wa Uingereza, inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Hata hivyo, sheria huja baada ya tuhuma. Uchunguzi wa haraka unaweza kuizuia tuhuma isizaliwe.

Mataifa mengine yamepita njia hii. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 kati ya mwaka 1947 na 1969. Ni 701 tu zilizobaki bila kutambuliwa. Ufaransa ina kitengo ndani ya shirika lake la anga za juu, kilichoanzishwa mwaka 1977, kinachopokea taarifa za raia na kuchapisha majibu. Baada ya uchunguzi, takriban asilimia 3 tu ya taarifa hizo hukosa maelezo.

Sehemu kubwa ya majibu hayo ni ya kawaida: sayari ya Zuhura, vimondo, satelaiti zinazopita kwa mstari, ndege na droni. Mara ina vyanzo vyake pia. Ngurumo na radi za Ziwa Victoria hutokea zaidi usiku, na Bunda inapakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako ndege ndogo za watalii ni jambo la kawaida.

Wapo watakaosema kuwa Serikali yenye upungufu wa dawa na madawati haina muda wa kufuatilia mianga. Hoja hiyo ina mantiki, lakini inasahau kuwa roketi zinaongezeka mwaka hadi mwaka, na mabaki yake hayachagui pa kuangukia. Januari 24, 1978, satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, ilisambaza mabaki yenye mionzi kaskazini mwa Canada. Kwa kuwa ushahidi ulikusanywa vizuri, mwaka 1981 Canada ililipwa dola zake milioni tatu. Kijiji ambacho chuma chake kimekatwa vipande na kuuzwa kama chakavu hakitakuwa na cha kudai.

Tanzania haianzi sifuri. Mwenyekiti wa kitongoji yupo, mtendaji wa kijiji yupo, polisi wapo, na kila wilaya ina kamati ya ulinzi na usalama chini ya mkuu wa wilaya. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inajua ndege zilizoruka, Mamlaka ya Hali ya Hewa inajua radi zilizopiga, na Tume ya Nguvu za Atomiki inaweza kupima mionzi.

Kinachotakiwa ni kuviunganisha vyombo hivyo kwa utaratibu ambao mvuvi wa Musoma anaujua: namba moja ya simu, fomu moja, na onyo kwamba kilichoanguka kisiguswe. Zaidi ya yote, jibu lirudi kijijini na lisomwe hadharani, hata kama ni kusema kuwa kilichoonekana kilikuwa Zuhura.