Mito ya barafu inayoingia ndani ya bahari



Wengi wetu tunajua barafu ya frigo tu, na tumesikia habari ya Ruwenzori, mulima wetu wenye barafu kule juu. Lakini katika inchi za baridi kali kuna barafu nene sana inayotembea polepole kama muto, mpaka inaingia ndani ya bahari. Barafu ya namna hii inapigwa pande mbili: joto la hewa kutoka juu, na joto la maji kutoka chini. Ndiyo maana hali ya hewa ikibadilika, inaweza kurudi nyuma mbio kuliko barafu ya milimani.

Tutazame mufano. Kule Alaska, katika Marekani, kuna ghuba inayoitwa Glacier Bay. Karibu na mwaka 1750 ilijaa barafu kabisa. Watu wa kabila la Tlingit walikuwa wamekimbia vijiji vyao, sababu barafu ilikuja mbele na kufunika inchi yao. Mwaka 1794 watu wa kapiteni George Vancouver waliona ukuta wa barafu ungali karibu na mulango wa ghuba. Mwaka 1879 John Muir alifika kwa mutumbwi, Watlingit wakimwongoza: barafu ilikwisha kurudi nyuma kilometa zaidi ya 60. Kufika mwaka 1916, zilipita kilometa 100. Ni karibu njia ya kutoka Lubumbashi mpaka Likasi!

Namna gani? Miaka ya baridi ndefu ilikuwa inaisha, na joto liliongezeka kidogo tu. Wale wanaofanya kazi chini ya udongo wataelewa upesi. Ndani ya mugodi, nguzo zinashika mwamba wa juu; ukiondoa nguzo, unajua kinachofwata. Muto wa barafu nao unaegemea kilima cha mawe na matope chini ya maji, ambacho ulikisukuma wenyewe. Joto likiupunguza, unaachana na kilima kile na kubaki katika maji marefu. Hapo hauna tena kitu cha kuushika: unavunjika kipande kwa kipande, mpaka upate tena mahali pa maji mafupi.

Mufano wa pili ni Jakobshavn, kule Greenland. Mwaka 1997 maji ya bahari yenye joto kidogo yalianza kuingia chini yake. Kufika mwaka 2003 ulimi wa barafu uliokuwa unaelea mbele ulikwisha kuvunjika, na muto ule ukaongeza mwendo karibu mara mbili. Kisha, tangu mwaka 2016, maji ya baridi yalirudi, nao ukapunguza mwendo kwa miaka kadhaa. Mnaona nguvu ya bahari?

Hata zamani sana ilikuwa hivyo. Mwaka 2023 wataalamu walieleza alama walizozikuta chini ya bahari ya Norvege. Zinaonyesha kwamba, karibu miaka 20.000 iliyopita, barafu ilipokuwa inaisha, siku zingine ilirudi nyuma hata metre 600 kwa siku moja tu.

Mambo haya yanatugusa sisi pia. Kule Antarctica kuna muto mukubwa, Thwaites, uliokaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoingia ndani, ndivyo shimo linazidi kuwa refu. Ukiisha wote, bahari zote za dunia zitapanda zaidi ya nusu metre. Wandugu zetu wa Muanda na Banana wanakaa kando ya bahari ile ile. Na kobalti inayotoka Kolwezi inaingia katika batri za magari yasiyochoma esansi. Kazi ya mikono yetu imo katika habari hii.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ukuta wa barafu, ukianguka kwa miaka kumi tu, unaomba miaka mamia kwa kusimama tena. Ongeeni na watoto juu ya jambo hili. Tuonane mwezi ujao.