Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kisa cha Buta kifundishwe Dagahaley

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha watoto wa wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Kaunti ya Garissa, nao husoma mtaala ule ule wa Kenya anaosoma mtoto wa Nyeri au Kisumu. Kengele ya somo la dini ikilia, darasa hugawanyika: Waislamu huku, Wakristo wachache kule. Sina ugomvi na mpango huo, kwani kila mtoto ana haki ya kufundishwa imani yake. Ila katika kaunti hii maneno “huku” na “kule” yana uzito. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliwachambua wanafunzi kwa dini katika Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 wakauawa.

Ndiyo maana nakuletea habari za vijana wa Buta.

Buta iko Bururi, kusini mwa Burundi. Katika seminari ndogo ya hapo, vijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliotamani upadri walikula meza moja na kulala bweni moja, ilhali nchi yao ilikuwa vitani tangu 1993. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, hakuwafunika midomo. Aliwaacha wazungumzie vita, chuki na hofu waliyotoka nayo nyumbani.

Alfajiri ya 30 Aprili 1997 waasi wa Kihutu walivamia bweni. Wakaamuru Wahutu wakae upande wao na Watutsi upande wao. Kijana wa Kihutu alijua kwamba hatua chache tu zingemwokoa. Hakuzipiga. Vijana wote wakakataa kutengana, ndipo risasi na mabomu ya mkono vikawaangukia. Waliokufa ni 40. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini Burundi lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Najua mzazi wa hapa kambini ataniuliza: Mwalimu, unataka kuwahubiria watoto wetu? La. Kisa hicho kina pacha wake hapa hapa Kaskazini Mashariki. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake.

Kiswahili kina neno linalowatosha wote: shahidi. Mkristo analijua, Mwislamu analijua, na maana yake ya kwanza ni mtu aliyeona na asiyekubali kusema uongo. Vijana wa Buta na mwalimu wa Mandera walikataa uongo mmoja, kwamba mwenzako ni mtu wa upande mwingine.

Mheshimiwa, ombi langu ni dogo. Visa hivi viwili viwekwe pamoja katika Mafunzo ya Jamii, si katika somo la dini, ili watoto wavisikie wakiwa darasa moja. Mwongozo wa mwalimu uandikwe na masheikh na mapadri wakiwa meza moja. Tena uanzie huku kwetu, ambako mtoto anahitaji kujua mapema kwamba akiambiwa ajitenge na mwenzake, anaweza kukataa.

Wako mtiifu,
Mwalimu, Dagahaley