UCHANGANUZI: Wauzaji wa majina ya tovuti taabani wateja wakihama na deni

WAFANYABIASHARA wadogo wanaouza majina ya tovuti kwa niaba ya kampuni za usajili hujipata pabaya mteja anapohamia kwa mshindani kabla ya kulipa.

Chanzo cha masaibu hayo ni mfumo wenyewe wa biashara hii. Muuzaji huweka pesa mapema kwa msajili, aghalabu kwa dola, na jina la .com linaposajiliwa au kuongezewa muda, ada hukatwa papo hapo. Mteja naye hupewa ankara na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi. Akihama kabla ya siku hiyo, huondoka na jina huku deni likisalia daftarini.

Wengi hujaribu kujikinga kwa kumnyima mteja nambari ya siri ya kuhamisha jina. Hapo ndipo wanapoteleza.

Kanuni za uhamisho za ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, zilizoanza kutumika Novemba 2004, zinakataza msajili kuficha nambari hiyo kwa sababu tu ya mzozo wa malipo. Mwenye jina akiiomba, anafaa kuipata katika muda wa siku tano.

Hata hivyo, kanuni hizo hazikumwacha mdai mikono mitupu. Ikiwa muda wa jina haujaisha, msajili anaweza kukataa uhamisho wenyewe endapo ada ya kipindi kinachoendelea au kilichotangulia haijalipwa. Sharti awe amelisimamisha jina hilo kwanza, hatua ambayo huzima tovuti na barua pepe za mteja.

Muda ni mfupi. Ombi la uhamisho likishawasilishwa, msajili ana siku tano za kulipinga, na akinyamaza linapita. Kwa kuwa uamuzi huo ni wa msajili, muuzaji anayesubiri hadi mteja aanze kuhama huenda akachelewa.

Aidha, deni la kuunda tovuti au kuihifadhi kwenye seva si deni la jina. Mteja aliyelipa ada ya jina hawezi kuzuiliwa kuhama kwa sababu ya madeni mengine.

Kuna pia wauzaji wanaosajili jina la mteja kwa jina lao wenyewe ili wamdhibiti. Huo si ukusanyaji wa deni, bali ni kuteka biashara ya mtu, kwani anwani hiyo ndiyo wateja wake wanayoijua.

Nchini Kenya, majina ya .ke husimamiwa na KeNIC tangu 2002 kwa kanuni zake. Lakini deni ni deni, na njia ya kulidai ipo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021 katika Milimani, Nairobi, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60.

Huko, silaha ni ankara, makubaliano na jumbe zilizohifadhiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinga bora zaidi, hata hivyo, ni kupokea malipo kabla ya jina kusajiliwa au kuongezewa muda. Anayekopesha kwa kuamini kwamba jina ni rehani anajidanganya, kwa kuwa jina ni mali ya mteja tangu siku ya kwanza.