Mchezo wa Ngumi na Wazee Waliosimama Mlangoni

Hapana shaka wako wasomaji watakaoniuliza, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu ana shughuli gani na michezo ya watoto hata aiandikie gazetini. Swali hilo ni la haki. Lakini naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema ni letu sote tunaolea watoto katika miji hii ya pwani, na huo mchezo ni mlango tu wa kuingilia.

Mchezo wenyewe unaitwa Tekken. Ni neno la Kijapani, na maana yake ni ngumi ya chuma. Ulitengenezwa na kampuni ya Namco ya huko Japani, ukatoka mwaka 1994 katika mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na mwaka uliofuata ukaingia katika mashine ya nyumbani iitwayo PlayStation. Tangu hapo umekuwa ukitoka toleo baada ya toleo. La tatu, ambalo ndilo lililotushika sisi wa rika langu, liliingia PlayStation mwaka 1998, na la nane lilitoka Januari 2024. Ni wapiganaji wawili wanaokabiliana katika kioo cha televisheni, na anayeishiwa nguvu ndiye aliyeshindwa.

Mimi niliujua nikiwa na miaka 12, katika chumba kimoja kule Kibokoni, Mombasa. Kilikuwa na televisheni mbili, benchi moja, na feni iliyopiga kelele kuliko kupepea. Tukitoka chuoni alasiri tulikwenda huko moja kwa moja. Juzuu zetu tuliziweka juu ya kabati la mwenye chumba, kwa adabu, kisha tukashika kile kidude cha mkononi chenye vibonyezo, ambacho sisi tulikiita padi, tukaanza kupigana.

Siku moja magharibi iliadhiniwa nami nimo vitani. Babangu, Mola amrehemu, alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia. Aliniita kwa jina langu na jina lake, na nilipotoka alinipiga kofi la shingo mbele ya wenzangu, akasema, "Huu ni upuuzi wa mashetani." Tukaenda msikitini kimya. Toka siku ile hadi alipofariki mwaka 2011 hatukulizungumza tena jambo hilo, na kwa kweli yalikuwako mengi mengine tusiyoyazungumza. Mimi nilijifunza kuficha, naye alijifunza kutouliza.

Likizo ya Desemba iliyopita nilitumwa na mama watoto nikamtafute mwanangu wa miaka 11. Nilimkuta katika chumba kama kile, adhana inalia. Nilisimama mlangoni, na mkono ulikuwa tayari umeinuka. Lakini jicho langu lilipita kwenye televisheni, nikamwona mzee mmoja ninayemjua, mwenye nywele zilizosimama pande mbili kama pembe na utosi mtupu. Nilimwita mtoto, tukaenda tukasali. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nikamuuliza, "Yule mzee Heihachi bado hajafa?"

Alisimama njiani akanitazama. "Baba, wamjua?"

Basi akaanza kunieleza, na hakunyamaza mpaka tulipofika nyumbani. Nilitambua kwamba sijapata kumsikia mwanangu akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Kesho yake, baada ya alasiri, niliingia naye katika chumba kile, nikaketi kwenye benchi, nikacheza. Alinishinda mara saba.

KISA CHA UKOO MMOJA

Nilipokuwa mdogo sikujali kisa cha mchezo huu. Tulibonyeza tu tupite yale maneno tufike kwenye ngumi. Sasa nimekifuatilia toleo baada ya toleo, na nakiri kimenishtua, kwa sababu chote ni habari ya baba na mwana.

Heihachi ni tajiri wa ukoo wa Mishima. Alimpindua babake mwenyewe, Jinpachi, akamfungia chini ya hekalu la ukoo. Akamtupa mwanawe Kazuya kutoka mwambani akiwa mtoto wa miaka mitano. Kazuya akaishi kwa chuki, akakua, akamshinda babake katika mashindano ya kwanza na kumtupa kutoka mwamba ule ule. Katika toleo la pili baba akarudi, akamshinda mwana na kumtumbukiza katika volkano. Katika la tatu akaja mjukuu, Jin, ambaye babu alimfundisha kupigana kwa miaka minne, kisha akamtumia kama chambo na kumpiga risasi. Katika la saba, la mwaka 2017 kwa mashine za nyumbani, Kazuya alimshinda babake na kumtosa katika moto wa volkano. Na katika la nane ni Jin na Kazuya wanaokabiliana, mwana na baba tena.

Katika mlolongo huo wote wa damu kuna mahali padogo nilipopapenda. Mwishoni mwa toleo la nne Jin amemshinda babake na babu yake pia, na ngumi imeinuliwa amalize kazi. Mara anaiona sura ya mamake, Jun. Anaishusha ngumi, anamwambia babu yake amshukuru mama huyo, anaondoka zake. Haikudumu, kwani katika toleo la sita Jin huyo huyo anaitumbukiza dunia vitani. Lakini pale alipoweza kujizuia, alijizuia kwa kumkumbuka mtu aliyemlea kwa upole. Mwenye akili hahitaji tafsiri.

UFUNDI WAKE

Wazazi wengi hudhani mtoto anayecheza mchezo huu anabonyeza ovyo. Wako wanaofanya hivyo, hasa wakimchukua Eddy, Mbrazili anayepigana kwa capoeira, mchezo ulioanzishwa na watumwa wa Kiafrika huko Brazili. Lakini ukikutana na mjuzi utaaibika, kama nilivyoaibishwa mimi. Vibonyezo vikuu ni vinne, na kila kimoja ni kiungo cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Kila pigo lina muda wake wa kutoka na muda wake wa kurudi, na ukikosa, ule muda wa kurudi ndio mwenzako anaokungojea. Mwanangu hakunishinda kwa kupiga sana. Alinishinda kwa kusubiri nikosee, na baba wa watoto watatu mwenye haraka hukosea mara nyingi.

Tena wapo ndugu zetu katika imani waliofika mbali kwa ufundi huo. Februari 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Siddique, ambaye wachezaji humwita Arslan Ash, alikwenda Fukuoka, Japani, akiwa mgeni asiyejulikana na wengi, akashinda mashindano ya EVO Japan. Agosti mwaka huo huo akashinda EVO ya Las Vegas, Marekani, kwa kumshinda Mkorea aitwaye Knee, aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huu. Alipoulizwa siri yake alisema kwao wako wengine wanaoweza kushindana naye. Watu hawakuamini, hata Knee mwenyewe alipofunga safari kwenda Pakistan kupigana nao, akajionea. Arslan alishinda tena Las Vegas mwaka 2023 na 2024.

Nao watengenezaji wamesikia kwamba Waislamu wanacheza. Katika toleo la saba walimtia mpiganaji wa Saudia, Shaheen, mwenye kilemba cha Kiarabu na agali. Mkuu wa mchezo wakati huo, Katsuhiro Harada, aliuonyesha hadharani mchoro wa kwanza na kuwaomba wachezaji wa Kiarabu waseme maoni yao. Nililiona hilo kuwa ni heshima, kwani katika michezo mingi ya kigeni Mwarabu huletwa ili apigwe risasi tu.

MADHARA YAPO

Sitaki mtu anifahamu vibaya, akadhani naupigia mchezo huu debe. Ziko kasoro zilizo wazi. Mavazi ya baadhi ya wanawake humo si ya kumwonyesha mtoto. Kisa chenyewe kimejaa damu ya shetani iliyomo ndani ya watu. Ngumi nyingi huenda usoni, na Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kupiga uso. Mzazi akisema hataki kitu hicho nyumbani kwake, ana haki yake na sitabishana naye.

Lakini kasoro kubwa niliyoiona haimo katika televisheni. Imo katika desturi ya chumba. Sisi tulikuwa tukicheza kwa sharti kwamba atakayeshindwa ndiye atakayelipa, na nimeikuta desturi hiyo ingali hai. Hiyo ni kamari, hata ikiwa ni ya shilingi kumi. Pili ni sala, kwa kuwa adhana hulia na hakuna anayenyanyuka. Tatu ni pesa ya sadaka au ya mkate inayoishia huko. Basi babangu alipokuja mlangoni alikuwa na haki ya kukasirika, ila hakuyaona yaliyostahili hasira yake, kwa sababu hakuingia ndani. Aliona picha zinapigana akadhani ubaya ni picha. Laiti angeketi nusu saa angesikia, "Wewe umeshindwa, lipa," na hapo angenipiga kofi la haki, nami ningelikubali.

KIRUMBIZI NA BENCHI LA WAZEE

Kuna jambo nililolijua baada ya babangu kufariki. Siku ya tatu ya matanga, ami yangu aliyetoka Lamu alikuwa akieleza habari za ujana wao, akasema marehemu alikuwa hodari wa kirumbizi, hata wenzake wakiogopa kuingia naye uwanjani. Mimi sikupata kuambiwa hata siku moja.

Wasomaji wa Lamu wanaujua mchezo huo. Wanaume wawili huingia kati na fimbo, zumari linalia, ngoma zinapigwa, na huko arusini au wakati wa Maulidi watu huzunguka kutazama. Ni mchezo wa kupigana, wala tusijidanganye, na mtu akizubaa fimbo inamfikia. Lakini una mipaka yake na una adabu zake. Kijana akipandwa na hasira hutolewa, na ajuaye husifiwa. Na kubwa kuliko yote, wazee wapo. Wameketi pale, wanatazama, nao walicheza kabla yake.

Basi nikajiuliza. Babangu alikuwa mtu wa fimbo, na mimi nilikuwa mtoto wa vibonyezo, na vyote viwili ni mchezo wa kumngoja mwenzako akosee. Kama angeingia akaketi kwenye benchi lile, pengine angeniambia, "Mwanangu, hapo umekwenda kwa pupa." Pengine nami ningemuuliza amejulia wapi. Lakini yeye alisimama mlangoni, mimi nikakaa ndani, na hayo mazungumzo hayakuwa. Simlaumu. Aliogopa kunipoteza, na hakuna aliyemfundisha njia nyingine. Lakini silipendi jambo hilo limfikie mwanangu.

Maoni yangu basi ni haya. Vyumba hivi vimo mitaani mwetu na havitoki kwa matusi. Pale panapokosekana wazee, watoto hujiwekea sheria zao, na sheria ya kwanza huwa kamari. Tuingie. Wazee wa mtaa wakae na wenye vyumba wakubaliane mambo matatu: adhana ikilia mashine zizimwe mpaka watu watoke msikitini, kila mtoto alipe chake, mshindi na mshindwa sawa, na mchezo usiofaa umri wao usiwekwe. Mwenye chumba ninayemzungumzia mimi amekubali hayo mawili ya kwanza nilipomwomba kwa uzuri, na la tatu bado tunaendelea kuvutana. Hakupoteza wateja. Mama mmoja alikuja mwenyewe akamwambia sasa mwanawe ana ruhusa.

Mimi na mwanangu tuna siku yetu, Jumamosi baada ya alasiri, michezo mitano tu. Bado ananishinda. Juma lililopita nilimshinda mara moja, akaniuliza nimejifunza wapi kusubiri vile. Nikamwambia habari ya babu yake na fimbo zake, yote niliyoyasikia kwa ami. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama siku moja nitampeleka Lamu akaione kirumbizi. Nimemwahidi, inshallah, Maulidi yajayo.