Bodi ya maadili kaunti? Buda, iko tayari. Uliza nani aliiteua

Wilbaro moja, Sh109,320. Kama ulikuwa na simu 2015, zile meme lazima zilikupata. Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro kumi kwa Sh1,093,200, na siku hizo ungeingia hardware yoyote ya mtaa ukatoka na moja kwa thao kadhaa, ubaki na fare ya kurudi home. Maelezo yaliyofuata yalimaliza watu kabisa: eti hizi ni za chuma spesheli, haziwezi kukuletea kansa. Kenya nzima ikacheka mpaka ikachoka.

Sasa tukishamaliza kucheka, kuna swali halijawahi kujibiwa vizuri. Ndani ya kaunti, kabla hiyo doo itoke, nani alikuwa na kazi ya kushtuka? Ju waliokuja kushika watu ni EACC, na wao si wa kaunti. Maafisa kadhaa walipelekwa kortini. Gavana wa wakati huo, Kenneth Lusaka, hakuwa kati ya walioshtakiwa. Alipoteza kiti 2017, akawa Spika wa Seneti, na 2022 wenyeji wakamrudisha kwa kiti kile kile cha ugavana. Hiyo ni kura, na kura iheshimiwe. Lakini kura haikagui risiti.

Panda matatu ya kupitia Webuye na Kiminini, shuka Kitale. Mei 2025 EACC walifika kwa boma la Gavana George Natembeya asubuhi, mtaa ukajaa watu wakiwazuia wasiondoke naye, teargas ikalia. Kesho yake alikuwa mbele ya hakimu Milimani, Nairobi, akisomewa mashtaka ya mgongano wa maslahi: kwamba karibu Sh3.2 milioni zilimfikia kutoka kwa watu waliokuwa wakifanya biashara na kaunti yake. Alikana yote. Wafuasi wake wa Tawe wakasema hiyo ni siasa tupu ya kumnyamazisha. Mimi si korti, na wewe pia si korti, kwa hivyo hatia tuiache hapo.

Lakini angalia hizo story mbili pamoja. Kila mara kengele inapigiwa nje, na watu wenye defender, baada ya pesa kudaiwa kutembea. Kila mara pia mtaa unagawanyika: hawa wanasema mwizi, wale wanasema anaonewa, na hakuna karatasi hata moja ya kaunti yenyewe ambayo mtu wa kawaida anaweza kushika aamue. Ndio maana wazo la kila kaunti na kila manispaa kuwa na bodi yake ya maadili linasikika tamu. Bodi ya hapa hapa, ya kushtuka mapema.

Shida ni kwamba hiyo bodi iko. Imekuwepo tangu kaunti zianze.

Inaitwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Unaijua, ni vile tu unaijua kama ile ofisi unapeleka CV halafu unangoja simu ambayo haipigwi. Soma Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 59. Kazi ya bodi si kuandika watu pekee. Inafaa kuadhibu na hata kufuta wafanyakazi wa kaunti, kuhimiza maadili yaliyo kwa Katiba, kupima kama yanafuatwa, na kuripoti kwa bunge la kaunti. Kwa karatasi, hiyo ni bodi ya maadili full.

Halafu rudi nyuma kidogo, kifungu cha 58. Mwenyekiti wake anateuliwa na gavana. Wanachama wengine, kati ya watatu na watano, gavana. Hata katibu, gavana. MCA wanapitisha, ndio, lakini wewe unajua vile MCA wakiwa upande wa gavana hupitisha. Ni kama timu ya ugenini kuja na refa wake kwa basi yao.

Na kuna kitu kinaumiza zaidi hapa. Ofisi inayofaa kukulinda na wizi ndiyo hiyo hiyo inagawa kazi. Kwa hivyo ukiulizwa chai ndio jina lako liingie kwa list ya madereva ama manesi, utaenda kulia wapi? Kwa mlango ule ule. Msee wa Chwele mwenye diploma hatashtaki bodi ambayo mwaka ujao ataiomba kazi tena. Atanyamaza, auze credo, akope za boda. Meme ya wilbaro ilituchekesha ju bei ilikuwa ya wazimu. Bei ya kuingia kazini hakuna mtu anaitolea meme, na hiyo ndiyo inatugusa sisi zaidi.

Kusema ukweli, sheria haikulala yote. Wanachama wa bodi wanakaa miaka sita bila kurudia, gavana ana mitano, na kuwatoa kunahitaji asilimia 75 ya MCA wote. Maana yake mtu akishaingia, ni ngumu kumtisha. Ndiyo sababu vita vyote viko pale kwa mlango, siku ya kuteuliwa, na siku hiyo vijana huwa hatuko. Tunakuja baadaye na hashtag.

Seattle, huko Marekani, walicheza tofauti. Tume yao ya maadili ina watu saba: meya anateua watatu, baraza la jiji watatu, halafu hao sita wanachagua wa saba. Hakuna upande unaweza kusema hii ni mbogi yangu. Na usiniambie hiyo ni mambo ya wazungu. Sheria yetu ya miji ya 2011, ile inayoongoza manispaa za Kitale na Bungoma, tayari inapatia vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, jua kali na wakaaji nafasi ya kupendekeza watu kwa bodi ya manispaa. Kama mama mboga anaweza kupendekeza mtu wa kusimamia soko na taka, mbona asipendekeze mtu wa kusimamia maadili? Kubadilisha kifungu cha 58 ni kazi ya Bunge la Nairobi, kwa hivyo swali hilo ni la MP na senator wako.

Kuna ile sheria mpya ya mgongano wa maslahi pia. Rais Ruto aliitia sahihi Julai 2025, na EACC ndio wanaisimamia. Ni poa, lakini bado ni kengele ya nje.

Ile unaweza kushika leo ni ripoti. Kila Disemba bodi ya kaunti inafaa kupeleka kwa bunge la kaunti ripoti ya vile maadili yamefuatwa na hatua gani zimechukuliwa, halafu iichapishe kwa gazeti rasmi la kaunti ndani ya siku saba. Wewe ushawahi kuona ya Trans Nzoia? Ya Bungoma je? Hapo ndani ndio utajua ni wangapi walifutwa, kwa makosa gani, ama kama ni kurasa za picha za semina.

Ukiikosa, andika barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu, haikulazimishi useme unaitaka ya nini, na inakubali uandike kwa Kiswahili. Peleka na kopi, upigiwe muhuri kwa yako.