Fasihi si Somo la Kukariri

Walimu wa Kiswahili wanapokutana kusahihisha karatasi za fasihi, ni nadra siku kwisha bila mabishano. Mabishano hayo hayafai kubezwa, kwa maana yanahusu jambo zito: ni kitu gani hasa kinachostahili alama katika jibu la mwanafunzi?

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba mwongozo wa kusahihisha ndio sheria. Watahiniwa ni maelfu kwa maelfu, kutoka Kigoma hadi Mtwara, na wasahihishaji nao ni wengi. Pasipo mwongozo unaotaja hoja na alama zake, msahihishaji mkali atamwangusha kijana ambaye msahihishaji mpole angempasisha. Wenzao wanajibu kwamba kitabu cha fasihi hakina jibu moja kama hesabu ya kujumlisha, na kwamba mwongozo ulioandikwa kwa ufinyu humwadhibu mwanafunzi kwa kosa la kufikiri.

Tuchukue mfano wa tamthiliya ya Edwin Semzaba, "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe", ambayo imesomwa na vijana wengi wa sekondari. Karani wa kuhesabu watu anazama katika mapenzi, na mwisho wake karatasi za hesabu zinateketea kwa moto. Mwanafunzi akiandika kwamba chanzo ni uzembe wa mtumishi wa umma, atapata alama zake. Lakini tuseme mwingine anaandika kwamba kazi ile ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa sababu wanakijiji hawakuelimishwa vya kutosha, naye anaonyesha mahali katika kitabu panapomuunga mkono. Je, apewe sifuri kwa kuwa hoja yake haimo katika orodha?

Historia yetu inatupa mwanga. Zamani majibu ya vijana wetu yalisafirishwa hadi Cambridge, Uingereza, yakapimwe huko. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Hatukufanya hivyo ili kuhamisha kasumba kutoka ng'ambo na kuileta nyumbani. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, ilidai vijana wenye akili ya kudadisi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo lilikemea tabia ya kuutukuza mtihani wa kuandika kana kwamba ndiyo elimu yenyewe.

Sisi tunakubali kwamba mwongozo ni lazima, maana haki ya mtahiniwa haiwezi kuachiwa hisia za mtu mmoja. Hata hivyo, mwongozo unaohesabu hoja peke yake unazaa madhara ambayo kila mwalimu anayajua. Kijana ananunua kijitabu cha majibu, anakariri dhamira tano na tamathali tano, anapasi, na kitabu chenyewe hajakifungua. Tusiwalaumu walimu haraka. Mwenye nakala mbili za riwaya kwa darasa la wanafunzi sitini atafanya nini, kama si kuandika hoja ubaoni ili zinakiliwe?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, alama zigawanywe waziwazi kati ya hoja, ushahidi kutoka kitabuni na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe. Na mwongozo useme bayana kwamba hoja yoyote inayothibitishwa na kitabu ina haki ya kupata alama. Msahihishaji akiwa na shaka, jibu hilo lisomwe na mwenzake kabla ya kukatwa. Pili, watunga mitihani watoe maswali ambayo hayajibiki kwa kijitabu: mwanafunzi apewe kifungu akifafanue, au aulizwe kama anakubaliana na mhusika, na kwa nini. Tatu, vitabu vifike shuleni kwa idadi inayolingana na wanafunzi. Kumtahini kijana juu ya kitabu ambacho hakupata kukishika ni dhuluma, hata kama usahihishaji ungekuwa wa haki namna gani.

Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo linasisitiza ujuzi. Ujuzi wa fasihi ni kusoma kwa makini, kupima maneno ya watu, na kutetea msimamo kwa ushahidi. Ndio ujuzi anaouhitaji mwanakijiji anaposomewa hesabu za mapato na matumizi katika mkutano wa hadhara. Aliyezoeshwa kunakili hoja za wengine darasani atapiga makofi mkutanoni hata hesabu zikiwa za uongo.

Walimu waendelee kubishana, na wakubwa wa elimu wakae nao wawasikilize. Taifa linalotaka wananchi wenye kufikiri halina budi kuanza kuwapa alama wale wanaofikiri.